Mwani sumbufu kwenye akwariamu ya maji chumvi mjini Goma: soma dalili kabla ya kushika kibano

Mwani ukishafunika mawe, watu wengi hukimbilia taa. Wanapunguza saa za mwanga, wanafunika kioo kwa blanketi, wanangoja. Wiki mbili baadaye mwani uko palepale na matumbawe ndiyo yaliyofifia. Kwa akwariamu za Goma taa husingiziwa tu mara nyingi. Chakula cha mwani hupitia kwingine: maji ya kujazia, jiwe, chakula cha samaki, na ule usiku umeme ulipokatika. Na kila aina ya mwani ina namna yake ya kung'olewa, kiasi kwamba dawa ya huu inaweza kuwa mbolea ya ule. Kwa hiyo anza kwa kuujua.

Kisahani cheupe

Chomoa kishungi kimoja kwa kibano, kitie kwenye kisahani cheupe chenye maji ya akwariamu ileile, na ukitazame kwa lenzi au kwa kamera ya simu. Kisha kinyanyue nje ya maji.

Kama kila uzi una vijitawi pande mbili, mfano wa unyoya wa kuku, huo ni Bryopsis. Kama nyuzi ni za kawaida tu na zikitoka majini zinalala pamoja kama pamba iliyolowa, ni Derbesia au nduguze, mwani wa nywele. Vishanga vya kijani vinavyong'aa, kuanzia ukubwa wa punje ya mtama hadi njegere na zaidi, ni Valonia. Ukiona kamba inayotambaa juu ya jiwe, chini ina vimizizi, juu ina majani au vichala vidogo kama zabibu, hiyo ni Caulerpa. Utepe bapa wa kahawia unaogawanyika mbilimbili kila unapofika mwisho ni Dictyota. Halafu kuna mwani mwekundu mfupi, mgumu kama brashi ya kusugulia sufuria: huo ukiuvuta, hukatika ukaacha shina.

Kinachoteleza na kubanduka kama ngozi ya maziwa, chekundu kilichokolea au kijani cheusi, chenye harufu mbaya, si mwani, ni sianobakteria. Na kamasi ya kahawia yenye mapovu, inayopungua usiku na kurudi mchana, ni dinoflajelati. Hao wawili wana tiba nyingine, na wa pili, dinoflajelati, hasa huzidi pale mtu anapopigania nitrati na fosfati hadi zikafika sifuri. Usiwachanganye na mwani.

Dalili: kipimo kinasema fosfati ni sifuri, mwani unaota kila siku

Kipimo hakidanganyi, ila kinapima kile kilichobaki majini. Mwani mwingi hunyonya fosfati kwa kasi ileile inavyotoka kwenye mawe na mchanga, kwa hiyo majini haionekani. Pima nitrati na fosfati, lakini pia angalia mwani unaotoa kwa wiki. Ukijaza kikombe cha chai kila Jumamosi, kuna chakula kinachoingia, hata kijaluba cha kipimo kibaki cheupe.

Lengo si sifuri. Nitrati kati ya 2 na 10 mg kwa lita na fosfati kati ya 0.02 na 0.1 mg kwa lita zinatosha matumbawe bila kuulisha mwani kupita kiasi.

Kubadilisha maji hushusha nitrati kwa hesabu unayoweza kuiamini: ukianza na 40 mg na kubadilisha asilimia 20 mara tano, unabaki na takribani 13. Fosfati haifuati hesabu hiyo. Mawe ya matumbawe na mchanga wa chokaa huishika, na ukishaisafisha majini, jiwe linaitoa tena. Ndiyo sababu watu hubadilisha maji mwezi mzima na namba haisogei. Hapo tumia punje za oksidi ya chuma kwenye kichujio, lakini anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye kopo na upime kila baada ya siku tatu. Fosfati ikiporomoka kutoka 0.4 hadi 0.03 kwa siku mbili, matumbawe huanza kumenyeka ngozi kuanzia chini.

Maji ya kujazia

Hapa ndipo Goma inapotofautiana na mji wowote wa pwani. Maji ya bomba ya REGIDESO, shirika la maji, hutoka Ziwa Kivu, na ukichota bidoni ufukweni kule Kituku ni ziwa lilelile bila klorini. Kivu si maji laini. Ni ziwa lenye pH inayokaribia 9, magnesi nyingi na bikaboneti nyingi mno. Alkali yake ni karibu mara tano ya ile ya bahari. Kipima TDS (jumla ya chumvi zilizoyeyuka majini) husoma mamia.

Akwariamu ya lita 200 hupoteza kwa mvuke kama lita 2 kwa siku. Kinachopaa ni maji matupu, chumvi zote zinabaki. Ukijazia na maji ya ziwa, kwa mwezi umeingiza lita 60 za alkali hiyo, na kama hakuna kinachoitumia, alkali ya akwariamu inapita maradufu. Dalili yake ya kwanza ni ganda jeupe kwenye hita na kwenye kipepeo cha pampu: hiyo ni kalsi inayoganda. Matumbawe yanasimama kukua, na jiwe lisilo na matumbawe yanayokua ni shamba tupu la mwani. Pamoja na hayo yote ziwa lina nitrojeni, fosfati na silika zake.

Wapo wanaosema magnesi ya Kivu itaua Bryopsis, kwa sababu waliwahi kusoma kwamba kupandisha magnesi kunaiua. Achana nayo. Bahari yenyewe ina magnesi karibu 1,300 mg kwa lita, ziwa ni kidogo sana kulinganisha. Unachopandisha ni alkali tu.

Suluhisho ni mashine ya osmosi, inayochuja maji kwa kuyasukuma kupitia utando, yenye resini mwishoni (punje zinazonasa chumvi iliyobaki). Mambo mawili huharibika hapa mjini. Kwanza shinikizo: mashine inataka baa 3 hadi 4, na nyumba inayokaa kwa bidoni au tangi la juu ya paa haifikii hata 1. Utando ukikosa shinikizo hupitisha chumvi nyingi na kumwaga maji mengi. Nunua mashine yenye pampu yake. Pili resini: utando mzuri huzuia asilimia 95 hadi 98, kwa hiyo maji ya TDS 600 yanatoka na 12 hadi 30, na resini ndiyo inayomalizia hadi 0. Kwa maji ya Kivu resini inachoka mapema kuliko maelezo ya dukani. Pima TDS baada ya resini kila unapojaza pipa. Ikifika 2 au 3, badilisha. Resini iliyochoka huanza kuachia kwanza vile ilivyovishika kwa ulegevu, silika ikiwa mojawapo, na utaona kioo kinapata vumbi la kahawia.

Na mvua? Maji ya mvua yana TDS ndogo, yanavutia. Lakini moshi wa volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira huifanya mvua ya huku kuwa na asidi na floridi, na asidi ikipita juu ya mabati hukokota zinki. Zinki kiasi kidogo tu huua konokono na urchini (mnyama wa bahari wa mviringo mwenye miiba). Wakishakufa hao, unabaki na akwariamu isiyo na walaji, na unashangaa mwani umetoka wapi. Kama lazima utumie mvua, kinga kwa turubai jipya la plastiki, mwaga maji ya dakika 15 za mwanzo, na bado uyapitishe kwenye kaboni na resini.

Chumvi

Kwa ufupi: chumvi ya akwariamu pekee, 35 g kwa lita, uzito linganifu 1.025 hadi 1.026 katika nyuzi 25. Chumvi ya jikoni haina kalsi wala magnesi ya kutosha. Chumvi ya Katwe inayofika sokoni kutoka Uganda ni nzuri kwa mboga na ng'ombe, lakini ni mchanganyiko wa kloridi, sulfati na kaboneti za ziwa la volkeno; haina uwiano wa bahari hata ukipima namba ikaonekana sawa.

Jiwe jeusi

Jiwe la lava liko kila kona ya mji, ni bure, lina vitundu ambavyo bakteria wanavipenda. Shida ni mbili. Baadhi hutoa fosfati na chuma, na chuma ni chakula kitamu cha mwani mkubwa. Shida ya pili ni umbo: vitundu vyenye kingo kali hushika uchafu, na Valonia hujibanza ndani pasipofika kidole wala kibano.

Usibahatishe. Sugua jiwe kwa brashi, litie kwenye ndoo ya maji chumvi mapya pamoja na pampu ndogo, gizani, na upime fosfati siku ya kwanza na siku ya 14. Ikipanda kwa zaidi ya 0.1, jiwe hilo likajenge ukuta.

Dalili: mwani umelipuka siku 10 hadi 20 baada ya kukosa umeme

Watu hawaunganishi mambo haya mawili kwa sababu katikati kuna wiki mbili za amani. Pampu zikisimama, oksijeni inashuka. Na Goma inaanza na oksijeni pungufu: kwenye usawa wa bahari maji chumvi ya nyuzi 25 hushika karibu 6.7 mg kwa lita, lakini kwenye mita 1,500 ni kama 5.6 tu. Usiku mmoja tu, ukipita muda wa saa sita bila mtikisiko wa maji, minyoo na viumbe vidogo ndani ya mawe wanakufa. Samaki unawaona wako hai, unashukuru. Lakini waliokufa ndani wanaoza, amonia inakuwa nitrati, fosfati inaachiwa, na mwani unasikia harufu ya karamu.

Tayarisha pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme unapokatika. Kama una betri na inverta, mpangilio ni huu: kwanza pampu ya mtikisiko, pili pampu ya kurudisha maji, tatu hita. Taa ni ya mwisho kabisa. Usilishe samaki saa za giza wala siku inayofuata. Umeme ukirudi, safisha mfuko wa kichujio ndani ya saa 24, na siku ya tatu badilisha asilimia 20 ya maji hata kama kila kitu kinaonekana sawa.

Kichujio cha kopo lililofungwa kikisimama saa kadhaa, usikiwashe hivihivi. Kifungue, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji chumvi, ndipo ukiwashe.

Sambaza

Sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wakiwa wakavu waliosagwa ni protini ya bei ndogo na samaki wanawagombania. Ila wamesagwa na mifupa, na mfupa ni fosfati. Unga wake laini huelea, nusu yake hailiwi, inaishia kwenye mchanga. Tumia sambaza wabichi walioganda: toa kichwa, uti na matumbo, katakata vipande vinavyomezwa mara moja, suuza kwenye kichujio cha chai, ndipo ulishe. Kiasi ni kile kinachoisha kwa dakika mbili. Maji yaliyoyeyushiwa samaki usiyamwage ndani.

Bryopsis

Kuung'oa kwa mkono peke yake ni kuukata nywele. Kilichobaki kwenye kitundu huota upya, na wanyama wengi hawaupendi ukishakomaa.

Kinachofanya kazi mara nyingi ni flukonazoli, ileile dawa ya fangasi inayouzwa farmasi kwa kapsuli za 150 au 200 mg. Kipimo kilichozoeleka ni 5 mg kwa kila lita ya maji halisi. Maji halisi, si ukubwa wa kioo: kioo cha 100 × 45 × 45 sentimita ni lita 202, ukitoa mawe, mchanga na nafasi ya juu inabaki kama 160, ongeza 40 za sampu (tangi la kuchujia lililo chini), unapata 200. Hapo unahitaji 1,000 mg, yaani kapsuli tano za 200.

Kabla ya dawa, toa mwani mwingi iwezekanavyo kwa mkono, kwa sababu utakaokufa ndani utaoza ndani. Toa kaboni na resini zote. Kama una mwani mzuri kwenye sampu, uhamishe. Skima (chombo kinachotoa uchafu kwa povu) iache ikizunguka bila kikombe, iendelee kuingiza hewa. Fungua kapsuli, koroga unga kwenye kikombe cha maji ya osmosi ya uvuguvugu; hauyeyuki vizuri, kwa hiyo mimina polepole mbele ya pampu. Usibadilishe maji kwa siku 14. Siku tano za mwanzo huoni kitu, na hapo ndipo watu huongeza kipimo. Usiongeze. Kati ya siku ya 5 na ya 10 ncha zinapauka, kisha nyuzi nzima zinakuwa kijivu na kutoka zenyewe zikivutwa. Zifyonze. Mwishoni badilisha robo ya maji, rudisha kaboni.

Derbesia nayo mara nyingi hufa kwa dawa hii. Valonia, Dictyota na sianobakteria haizigusi.

Jiwe linalotoka kirahisi lina njia fupi zaidi: maji ya oksijeni (peroksidi ya hidrojeni) ya farmasi. Chupa iliyoandikwa volyumu 10 ni asilimia 3, ndiyo unayoitaka. Volyumu 30 ni asilimia 9, hiyo ya nywele, iache. Toa jiwe nje, mwagia au paka kwa brashi kwenye mwani tu, subiri dakika 3 likichemka mapovu, suuza kwenye ndoo ya maji chumvi, rudisha. Mwani unapauka kwa siku mbili tatu. Usimimine karibu na matumbawe wala kamba wa baharini.

Valonia

Kila kishanga ni seli moja, hata kikiwa na ukubwa wa zabibu, na ndani yake kuna viini vingi. Ukikipasua majini unaweza kusambaza vipande vinavyoota upya. Zima pampu zote. Chukua bisibisi bapa ndogo na mpira wa milimita 6 unaofyonza kwenda ndooni. Usikikamue kishanga juu. Weka ncha ya bisibisi pale mguu wake unaposhika jiwe, zungusha kama unabandua kombe, na mdomo wa mpira uwe umekigusa tayari. Kikiachia utasikia kidonge kinagonga ndani ya mpira. Kilichojibanza pasipofika bisibisi, kichome kwa sindano ya farmasi na kuvuta maji yake kabla hujakibandua.

Rudia kila wiki kwa miezi miwili. Kaa mdogo wa kijani, Mithraculus sculptus, hula vile vidogo akiwa na njaa, lakini anatoka Karibi, ni ghali, na akishiba chakula cha samaki haangalii tena Valonia.

Caulerpa

Nayo ni seli moja ndefu yenye viini vingi, bila kuta za kutenganisha kamba na majani. Kila kipande kinakuwa mmea. Mwaka 2000 Caulerpa taxifolia, inayodhaniwa ilitoka kwenye akwariamu, ilikutwa kwenye sehemu mbili za pwani ya California. Waliifunika kwa maturubai na kuingiza klorini chini yake, na hadi 2006 ndipo ikatangazwa kuwa imekwisha. Kwa hiyo usiivute kwa nguvu ikatawanyika. Fuata kamba kwa kibano kuanzia ncha, inyanyue vimizizi kimoja kimoja, mpira wa kufyonza ukiwa pembeni, maji yakirudi kupitia soksi ya kichujio.

Ikianza kupauka ghafla na ncha kuwa na madoa, inajiandaa kuzaa. Ndani ya saa chache mmea mzima unatoa vilivyomo, maji yanakuwa kama supu ya kijani, oksijeni inakwisha na lishe yote iliyokuwa imehifadhiwa inarudi majini. Toa yote iliyopauka leo hii, usisubiri kesho, na uweke pampu ya hewa usiku. Kuifungia gizani siku tatu, kama wengine wanavyoshauri, ni kuikaribisha hali hiyohiyo.

Wa kahawia na mwekundu

Dictyota: ng'oa, fyonza, ongeza mtikisiko. Mwekundu mgumu kama brashi: toa jiwe, kwangua kwa brashi ya chuma cha pua nje ya akwariamu, kisha maji ya oksijeni.

Walaji

Soko letu la karibu ni pwani ya Afrika Mashariki, na bahati nzuri huko kuna walaji wazuri. Urchini Tripneustes gratilla hukwangua jiwe mpaka likawa jeupe. Mmoja anatosha lita 200, na mwani ukiisha umpe majani makavu ya mwani la sivyo anakufa njaa. Tafi hula karibu kila kitu cha kijani, lakini Siganus sutor wa pwani hufikia zaidi ya sentimita 40, na miiba yake ina sumu inayouma vibaya. Si wa akwariamu ya sebuleni. Kangaja wa Zebrasoma desjardinii anataka lita 400 na zaidi. Kwa kioo kidogo, konokono wa Turbo sita hadi kumi.

Wote hawa wamesafiri kwenye mfuko kwa saa nyingi. Waingize kwa matone, saa mbili hivi kwa konokono na urchini, na upime chumvi ya mfuko kabla: tofauti ya 0.004 ya uzito linganifu inatosha kumwangusha urchini miiba.

Unaoutoa unakwenda wapi

Si ziwani. Caulerpa haitaishi kwenye maji ya Kivu, ila maji yenye flukonazoli na kilo za chumvi hayana kazi pale. Mwani uanike juu ya bati siku mbili za jua mpaka unyauke kabisa, kisha uingie kwenye takataka. Maji chumvi ya kubadilisha usimwagie maharagwe wala migomba. Yamwage chooni, lita 20 kwa wakati mmoja, ukifuatisha bidoni ya maji ya kawaida.